Meza Niliyompangia Tata Tshibangu

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji nilifukuzwa kwa sababu ya usafi. Nilikuwa nimesugua mikono kwa brashi na sabuni hadi viwikoni, kama tulivyofundishwa shuleni, nimevaa ganti, zile glavu za mpira, na kusimama mikono juu kama padri anayebariki, nikisubiri mgonjwa aletwe. Tata Tshibangu, mkuu wetu wa vyombo ambaye sote tulimwita tata, yaani baba, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. Akaniuliza kama nimeshamsalimia yule mama tuliyekuwa tunakwenda kumpasua. Nikamjibu kwamba bado yuko kwenye korido. Akaniambia nivue ganti, nitoke, nimfuate hukohuko.

"Kwanza mukono," alisema. "Ganti itafuata. Asifunguliwe tumbo na mukono yenye hayui."

Nikatoka. Nikamshika mkono yule mama, ambao ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi ya mwezi wa sita, naye akanishika kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Kisha nikarudi kusugua mikono upya, watu wote wakinisubiri, daktari akiimba wimbo wa kanisani chini ya barakoa ili nijue kwamba ananisubiri. Utaratibu huo hamtaukuta katika kitabu chochote. Ulikuwa wa chumba chetu, na chumba chetu kiliupata kwake.

Ninyi vijana wa bloku, kama tunavyokiita chumba hicho hapa Kolwezi, mliniomba siku mliyoniaga niwaandikie jambo litakalowafaa. Habari za vyeo vyangu ziko kwenye makabati ya ofisi, na panya wameshazisoma. Nitaandika juu ya mtu mmoja na uamuzi mmoja. Yaliyobaki ya kazi hii mtajifunza kwa kusimama, na miguu yenu itawaambia.

Tata Tshibangu alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono midogo. Baba yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, akaoa hapahapa, akazikwa hapahapa. Mwanawe alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, akakulia hukohuko Kapata, mtaa wa kampuni, na Kasai yenyewe hakuwahi kuiona kwa macho. Aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu, jioni baada ya kazi: mto fulani, kilima fulani, na majina ya mababu ambayo mzee alimkaririsha kama katekisimu.

Mimi nilitoka upande wa magharibi wa Katanga hii, Sandoa, binti wa wakulima wa mihogo. Nilipofika Kolwezi mara ya kwanza nililia kwa sababu ya mataa. Kutoka barabara ya Mashamba usiku ule niliona mashimo ya mgodi yakiwaka kama mji uliozama ardhini, nikadhani pale mtu hawezi kukosa kitu. Nilikuwa mdogo.

Alinifundisha meza. Kwenu leo meza hupangwa kila mtu na mazoea yake, na nimeacha kugombana. Kwake kila chombo kilikuwa na mahali pake na pua yake ilielekea upande mmoja: visu, mikasi, pensi za kubana damu, vishika sindano, kisha vile vikubwa vya kufungulia mbavu, ambavyo alivilaza pembeni kama wakwe. Alitufunga macho kwa kitambaa na kutuwekea chombo kiganjani tukitaje. Baadaye akageuza somo. Alidondosha chombo kwenye sinia nyuma ya mgongo wangu, nami nikatakiwa kukitambua kwa mlio. Niliona ni mchezo. Lakini siku moja umeme ulikatika tumbo likiwa wazi, na kabla taa ya akiba haijawaka mikono yetu ilikuwa imeshapeana tulichohitaji. Tangu siku hiyo sikuuita mchezo.

Baada ya kazi tulikula pamoja chumba cha kuchemshia vyombo, karibu na lile dumu la mvuke tulilolipa jina la Mama Mukubwa kwa sababu lilifoka bila kukosewa. Bukari moja, ndiyo ugali wetu, bakuli moja la sombe, yaani kisamvu, au la mchicha tunaouita lengalenga, samaki akipatikana. Tata Tshibangu alinawa, akamega, akafinyanga tonge bila kuliangalia, na tonge hilo la kwanza hakulila. Alimpa aliye mpya kuliko wote. Siku ile ya kwanza alinipa mimi. "Kula, Anyesi. Leo njo siku yako ya kwanza." Lilikuwa duara kama yai la kwale, na lilikuwa la moto. Nimekula bukari maisha yangu yote lakini ladha ya tonge lile naikumbuka peke yake.

Ndivyo tulivyoishi miaka mingi. Kisha kampuni ikaanza kuanguka.

Haikuanguka siku moja kama ukuta. Mabasi ya wafanyakazi yalipungua, halafu yakakosa magurudumu. King'ora cha zamu, ambacho wanawake wa Kapata walipikia kwa kukifuata, kilianza kuchelewa, kikanyamaza, na kwa wiki kadhaa watu walikula saa zisizoeleweka. Unga wa kampuni haukuja. Madaktari wageni waliondoka kila mmoja na sanduku moja mkononi, na mmoja wao aliniachia miwani yake ya kusomea, sijui kwa nini. Aliyebaki kwetu alikuwa Dokta Ilunga, mtu wa kaskazini mwa Katanga, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kwa wagonjwa waliolala usingizi wa dawa. Ganti tuliziosha, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda na kuzivaa tena. Ukipita nyuma ya bloku siku ya upepo ungeona mikono mitupu ikipunga kwenye kamba.

Na wakati huohuo maneno yakaanza kupita, kwanza barabarani, halafu ndani ya nyua. Ikasemwa kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Watu tuliobatizwa nao, tuliosuka nywele nao, wakawa wageni ndani ya wiki moja. Vijana walipita mlango kwa mlango. Familia zilibeba milango, magodoro na masufuria hadi stesheni, ambayo huku tunaiita gare, wakalala kando ya reli chini ya vipande vya plastiki wakisubiri mabehewa ambayo hakuna aliyejua yatakuja lini. Kapata nzima ilikuwa na nyumba zenye macho wazi, bila milango. Mimi sikuguswa. Kabila langu lilikuwa zuri mwaka huo.

Katika miezi hiyo Tata Tshibangu aliacha kumaliza chakula. Ninyi mnaosoma mnaweza kudhani watu wa hospitali walitambua mara moja. Hatukutambua, na nitawaeleza sababu. Kila mtu wa Kasai aliyekuja kwetu wakati ule alilalamika kitu kimoja: chakula hakishuki, kuna kitu kimesimama kooni. Mama mwenye watoto, fundi wa treni, mwalimu, wote. Foleni nzima ilikuwa na donge moja kooni, na donge hilo lilikuwa na jina, liliitwa mawazo. Tuliwapa pole na vidonge vya kulala. Kwa hiyo Tata Tshibangu alipoanza kusindikiza kila tonge kwa maji, mke wake, mama Ngalula, alisema ni mawazo. Dokta Ilunga alisema ni mawazo. Yeye mwenyewe alisema ni habari za gare zimekaa mu koo, zitashuka siku treni itakapofika.

Akaanza kuninyang'anya munkoyo wangu, kile kinywaji cha mahindi na mizizi nilichokuwa nakileta kwenye chupa. Mimi nilifurahi kwamba kuna kitu anapenda.

Siku moja tukiwa tumekaa kula alimeza tonge dogo, uso ukabadilika rangi, akatoka nje. Aliporudi alikuwa anajifuta mdomo. Hakukaa. Alimwambia Dokta kwa sauti ileile aliyotumia kuripoti chombo kilichopotea:

"Dokta, mawazo haiwezi kukamata bukari na kuacha munkoyo ipite."

Hakuna aliyeendelea kula.

Tulimnywesha ule uji mweupe wa kupigia picha, kutoka kopo la mwisho lililobaki, tukamsimamisha mbele ya mashine. Kwenye picha njia yake ya chakula ilishuka vizuri kutoka shingoni, na katikati ya kifua ikawa uzi. Kesho yake Dokta aliingiza mrija wake wa chuma wenye taa, akatazama muda mrefu, akautoa, akaomba radhi. Ilikuwa kansa ya umio, na alikuwa ameiona kwa macho yake.

Tulikaa sisi watatu mbele ya Mama Mukubwa, likiwa limezimwa. Dokta hakuficha kitu, na hata angetaka angeficha nini? Mgonjwa wake alikuwa ameshika vyombo vya upasuaji huo kila mara ulipofanyika kwetu. Unafungua tumbo, unafungua kifua, unatoa umio, unalivuta tumbo la chakula juu hadi kifuani na kulishona liwe njia mpya. Zamani za neema tuliufanya mara chache. Wapo waliotoka kwa miguu, na mmoja bado aliuza mkaa karibu na soko. Wapo ambao mshono ulivuja, nao Tata Tshibangu alikwenda kwenye matanga yao yote.

Dokta alisema anaweza. Uvimbe unaonekana haujasambaa, moyo ni mzuri, mapafu ni mazuri. Lakini mitungi ya hewa imebaki michache. Damu itatoka kwa ndugu, na ndugu wako kwenye reli, hawajala vizuri. Baada ya hapo atalala wodini muda mrefu bila kusafirishwa popote. Njia ya pili ni ndogo: tobo tumboni, mrija wa mpira ambao sisi tunauita sonda, na chakula kipite humo. Huo hauponyi. Unampa mtu nguvu kwa miezi fulani, na siku chache baadaye anaweza kusimama na kusafiri.

Dokta alipomaliza, Tata Tshibangu alimuuliza yeye angefanya nini. Dokta alichezea kifungo cha koti lake.

"Kama ni mi, ningelala nipasuliwe ile kubwa," alisema. "Lakini mi niko kwetu."

Sikuwahi kumsikia Dokta Ilunga akisema jambo la siasa kabla ya hapo wala baadaye.

Mimi nilitaka ule mkubwa. Niliutaka kama mtoto anavyotaka mzazi asitoke. Nilimfuata kwenye korido nikamwambia kila kitu kipo, nyuzi nimezificha kwa ajili ya siku kama hiyo, damu yangu nitaitoa mimi, na nyumbani kwangu kuna chumba. Niliongea sana. Nikamwambia, "Tata, bitu yote iko. Meza iko."

"Unipangie," alisema. "Niione."

Nikapanga. Nilichemsha vyombo, nikatandika kitambaa cha kijani, nikaipanga meza ya umio kama alivyonifundisha, pua zote upande mmoja, wakwe pembeni. Akaja akiwa na shati lake la nyumbani, mikono nyuma, akatembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho kama askari anayekagua gwaride. Hakugusa kitu. Kwenye chombo cha kufungulia mbavu alisimama. Nilijua anakiona kikiwa kifuani mwake. Nilitamani akute kosa, na nilitamani asikute.

"Meza iko muzuri," alisema mwishowe. "Ingekuwa mubaya, ingenisaidia."

Akaketi kwenye kigoda cha wanafunzi. Mama Ngalula akaingia wakati huohuo kutoka gare, ambako yeye na watoto walikuwa wameshahamia, na vumbi la reli miguuni, kitenge kimefungwa kwa safari. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa moto, na tulimpenda kwa hilo. Aliitazama meza, akaelewa bila kuelezwa. Akamwambia mume wake wampasue, yeye na watoto watasubiri pale gare. Treni moja ikipita, nyingine itakuja. Mume akauliza watoto watalala wapi mvua ikianza. Akajibu kwamba watoto wana miguu, watakimbia. Ndipo mke akamchokoza:

"Tata wa batoto, wewe umesaidia kupasua bantu ya Kolwezi muzima. Leo zamu yako, unaogopa bisturi, kisu yako?"

Alicheka. Tulicheka sote, hata mimi niliyekuwa nikilia. Halafu alimshika mke wake mkono, kitu ambacho wanaume wa umri wake hawakukifanya mbele ya watu, akaanza kusema. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, maana sijawahi kuyapoteza.

"Ngalula, wewe ulizaliwa hapa. Batoto balizaliwa hapa. Kule tunaenda hakuna muntu anatuyua. Kiluba ya Kasai batoto habasikii. Mukifika bila mi, mutasema muko ba nani? Majina ya batata iko mu kichwa yangu tu. Mi njo nitasimama mbele ya bazee niseme: huyu alizaa huyu, huyu alizaa huyu, mpaka mumoja atajibu. Dokta ananipa miaka mingi ao kaburi. Mi nalomba miezi, lakini ya kweli."

Mama Ngalula alisema angeweza kuyakariri hayo majina, amfundishe. Akasema hata usiku huohuo. Mume akamwambia atamfundisha njiani, lakini wazee hawatalisikia jina la baba kutoka kwa mke aliyekuja peke yake na watoto wenye njaa, watamwona ni mmoja kati ya wengi. Hilo mume alilijua, na mke alilijua.

Mimi nikasema neno langu la mwisho. Nikamkumbusha kwamba mtu wa mkaa alipona.

"Alipona, ndiyo," alisema. "Lakini alikuwa na nyumba ya kuponea. Anyesi, tuseme nimepona. Nitaponea fasi gani?"

Nilitaka kusema kwangu. Nilikuwa nimeshasema. Na sote watatu tulijua ni nani angekuja kugonga mlango wangu wiki ya pili, akiuliza ninamficha nani.

Akainuka, akaenda kumwambia Dokta tobo dogo. Mimi nikaipangua meza, nikarudisha kila kitu kwenye sinia zake. Ndiyo meza nzuri kuliko zote nilizopata kupanga, na haikutumika.

Asubuhi ya tobo nilimkuta kwenye korido, kitandani, shuka hadi kidevuni. Nilikuja na mikono mitupu. Alinipa mkono wake mdogo, mkavu, wenye joto, na akasema nimechelewa. Tukakaa hivyo. Nilihisi mapigo yake kwenye kidole gumba, na nilijifunza mkono ule kama alivyonifundisha kujifunza vyombo, macho yamefungwa.

"Sasa enda usugue," akasema.

Hatukumlaza usingizi. Tulitia ganzi pale pa kukata tu, ili tusipoteze hewa ya mitungi, kwa hiyo alikuwa macho, nyuma ya kitambaa, akisikiliza. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kupasuliwa akiwa mkaguzi. Nilipotua pensi moja kwa haraka sauti yake ilitoka nyuma ya kitambaa: "Iyo pensi umeilalisha kichwa chini." Nikaigeuza. Dokta alianza kutikisika mabega. Baadaye kidogo: "Mukasi ya nyuzi inalia kutu. Muitie mafuta." Mwishowe hata yeye akacheka, na Dokta akamwomba radhi na kumsihi asicheke, maana tumbo linatembea. Tulishona mrija ule tukicheka, machozi yakiingia kwenye barakoa. Kwa ninyi mnaofanya kazi hii: barakoa iliyolowa ibadilishwe. Siku ile hatukubadilisha.

Mama Ngalula alijifunza kulisha kwa siku moja. Uji wa mahindi mwembamba uliochujwa kwa kitambaa, faneli juu ya mrija, kumimina polepole mgonjwa akiwa ameketi, na mwisho maji safi ya kusafisha njia. Alifanya vizuri kuliko wauguzi wetu wawili. Alimwimbia akimimina. Mume alisema kinywa hakipati habari yoyote, lakini tumbo linashukuru, na kwamba hatimaye amepata njia ya kula bila kusikia kama chumvi imezidi. Mke alimpiga kofi la begani.

Nguvu zikamrudia kidogo. Akahamia gare kwa familia yake. Nilikwenda pale kila nilipotoka kazini, nikikanyaga kati ya masufuria na vitanda vya watu niliowazalisha. Wengine hawakuniitikia, na sikuwalaumu.

Siku mabehewa yalipofika, neno lilikimbia mjini kabla ya moshi. Tata Tshibangu alikuwa ameniomba kitu kimoja siku ya safari: bukari, ya moto, na lengalenga. Nilipika nikafunga kwenye kitambaa, nikaenda karibu nikikimbia. Nilimkuta ameketi kwenye mlango wa behewa la mizigo, miguu inaning'inia, sonda imefungwa vizuri chini ya shati. Mama Ngalula alikuwa ndani anapanga watoto na mlango wao wa nyumba, ambao walikataa kuuza. Nikafungua kitambaa magotini kwake. Alisogeza uso kwenye mvuke, akavuta pumzi, akakaa hivyo.

Kisha akaomba maji, akanawa. Akamega. Akafinyanga bila kuangalia, akitazama upande wa mashimo ya Mashamba, ambako hakuna kilichosogea. Watu wa pande zote mbili walikuwa wanatutazama: wale wa ndani ya behewa na wale vijana waliosimama kwenye jukwaa kuhakikisha kwamba wanaoondoka wanaondoka. Tonge likawa duara. Akalichovya, akaninyooshea.

Nikamwambia, "Tata, mi si mupya."

"Kula, Anyesi. Leo njo siku yako ya kwanza."

Nilikula. Nilimeza mbele ya wote. Lilishuka kwa shida, na nilijua kwamba kwangu mimi ni mawazo kweli.

Treni ilipoondoka alibaki mlangoni, ameinua mkono mtupu. Hakuupunga. Aliushikilia tu wazi, kama mtu anayengoja uwekewe chombo.

Habari ilinifikia msimu mwingine, kwa mfanyabiashara aliyepitia huko. Walifika. Aliteremka behewani kwa miguu yake. Alipelekwa mbele ya wazee, akasimama akiwa amejiegemeza kwenye mlango wao wa Kapata, akaanza kutaja majina, huyu alizaa huyu, akaenda hivyo muda mrefu bila mtu kujibu, mpaka mzee mmoja kipofu akalitaja jina lililofuata kabla yake. Wakapewa mahali pa kujenga. Mlango ukapata nyumba. Yeye aliona mahindi yao ya kwanza yakikomaa, na hakuona ya pili.

Vijana, mtaniuliza kama alichagua vizuri. Hapa kwetu siku hizi kuna mashine mpya, malori ya kobalti yanapita mbele ya lango mchana kutwa, na wagonjwa wa umio bado wanakuja wakisema ni mawazo. Sijui kama alichagua vizuri. Najua labda angeponea mikononi mwetu, na hilo halijaniacha. Ninachoweza kuwapa ni hiki: mkimaliza kumweleza mgonjwa tunachoweza na tusichoweza, msiharakishe kumpa kalamu ya kutia sahihi. Muulizeni kwanza atakwenda kuponea wapi, na nani anamhitaji akiwa amesimama. Halafu nyamazeni, kama Dokta Ilunga alivyochezea kifungo chake.

Siku yangu ya mwisho nilipanga meza kwa utaratibu wa zamani, na hakuna aliyelalamika. Baadaye tulikula. Nilinawa, nikamega, nikamfinyangia tonge yule binti aliyekuja kwetu wiki ile, nikijaribu kutoliangalia. Halikuwa duara. Alilipokea akacheka, akala. Kwa mbali, upande wa gare, treni ya mizigo ilipiga honi ikielekea kaskazini, nami nikajikuta nimeinua mkono, mtupu, mbele ya wote, nikiungoja mkono mwingine.